Ile Haikuwa ya Ng'ombe

Hiram Mukhisa alikuwa mtaalamu wa mavi, na hakuona haya kulisema. Ukimkuta sokoni Kitale siku yake ya mapumziko, na kofia yake ya kijani iliyochujuka, ukamuuliza anafanya kazi gani, angekujibu kwa adabu kwamba anaongoza watalii mlimani. Lakini ukimpa dakika mbili zaidi, mazungumzo yangeteremka yenyewe hadi kwenye mavi, na hapo ndipo mngekesha. Vijana wa bodaboda walimwita Daktari. Hawakumwita hivyo kwa heshima.

Tusimlaumu sana. Mlima Elgon una wanyama, ila si wanyama wa maonyesho. Mtu aliyezoea mbuga za nyika, ambako simba hulala kando ya barabara akipigwa picha na magari kumi na mawili, akipanda huku kwenye msitu na mianzi na ukungu ataona mbega juu ya mti, ataona matako ya pongo anayekimbia, kisha atabaki na kimya. Ndovu wapo. Usiku huingia mapangoni kuguguna mwamba wenye chumvi, wakitosheka hutoka, na kukicha hakuna ajuaye walikopitia. Sasa, mgeni aliyetoka Nairobi na kamera yenye shingo ndefu hawezi kuambiwa tu kwamba ndovu wapo akaridhika. Anataka kitu cha kuona. Na kitu ambacho ndovu hachoki kukitoa, mvua inyeshe jua liwake, ni hicho hicho.

Basi Hiram alikuwa akichuchumaa mbele ya rundo, anavua kofia kama mtu aliyefika msibani, na kuanza kusoma. Huyu ni jike. Alikula maganda ya mti fulani juzi, jana akakosa maji. Alipita hapa kama saa kumi alfajiri, na alikuwa na haraka, tazama alivyoangusha akitembea. Halafu, wageni wakiwa wameziba pua, anaingiza kidole cha shahada ndani hadi kifundo cha pili ili apime joto. Wazungu walipiga makofi. Waafrika walikataa kumpa mkono wa kwaheri.

Kazi hii hakuirithi. Alizaliwa Kanduyi, nyuma ya uwanja, mtoto wa tano wa karani wa chama cha ushirika, akamaliza kidato cha nne na alama ya D iliyonyooka. Mjomba wake aliyekuwa na kitalu cha miche Kitale ndiye aliyemchukua. Siku moja akaja mama mmoja mtafiti, Mzungu mwenye magoti mekundu, akitafuta watu wa kumbebea magunia kutoka mlimani. Vijana saba walijiandikisha. Walipogundua kilichomo maguniani, sita wakakumbuka wana shughuli nyumbani. Hiram akabaki, akabeba kwa miaka miwili, na kwa kuwa safari ilikuwa ndefu akawa anauliza maswali. Mtafiti alipoondoka alimwachia katoni ya glavu na elimu ambayo hakuna chuo kilichokuwa tayari kuipa cheti.

Elimu hiyo ndiyo iliyomvunjia nyumba, au ndivyo alivyoamini. Mkewe, Lenah, mwanamke wa upande wa Kibabii, mpole, mshonaji wa sare za shule, alivumilia mengi. Alivumilia mikebe ya siagi iliyopangwa dirishani, kila mmoja na karatasi: ndovu, ndovu, nguruwe mwitu, sina hakika. Alivumilia harufu. Lakini mwezi wa pili, Hiram alipata sampuli nzuri sana ambayo alitaka kuwaonyesha wageni ikiwa bado na joto lake, akatafuta chombo cha kuhifadhi joto, na chombo pekee cha namna hiyo mle ndani kilikuwa hotpoti ya maua waliyopewa na mama yake Lenah siku ya harusi. Lenah alifungua akitafuta chapati.

Hakupiga kelele. Alifunika, akaosha mikono, akafunga mkoba, akaenda kwao. Mtoto wao alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumba ikabaki na Hiram na mikebe. Alipiga simu mara tisa, haikushikwa hata moja. Akasema moyoni, hasira ya chombo itaisha. Mwezi wa tatu ukapita, wa nne ukapita, ukaingia wa sita, na hasira ya chombo ilikuwa bado iko Kibabii. Hiram alianza kula mayai asubuhi, mchana na jioni, na kuzungumza na redio.

Ndipo siku moja ya Jumanne lilipofika basi la kina mama wa kanisa moja la huko Bungoma, ishirini na mmoja, waliokuja kutalii. Hiram alisimama getini na tabasamu la kazini. Akashuka wa kwanza, akashuka wa pili, na wa tatu aliyeshuka, akiwa na mwavuli wa buluu na viatu vya Jumapili, alikuwa Mama Nelima. Huyo ndiye mama yake Lenah.

Hiram aligeuka papo hapo akautazama ua. "Karibuni sana," akauambia ua.

Haikuwa ajabu. Kwa Wabukusu, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hampeani mikono. Hamtazamani usoni. Humtaji jina, huli chakula mbele yake, na lolote la aibu, la mwili au la ulimi, halifanyiki akiwa karibu. Kwa miaka kumi na tisa Hiram alikuwa amemwona mama huyu mara kadhaa, na mara zote alichokiona ni viatu. Sasa fikiria mtu ambaye riziki yake yote ni kuchuchumaa na kutaja mavi, amepewa nusu siku ya kumtembeza mama mkwe msituni. Na si mama mkwe hivi hivi tu. Lenah alikuwa chini ya dari yake. Neno moja la mama huyu lingemrudisha Kitale, na neno jingine lingemweka Kibabii hadi parapanda ilie. Hiram aliamua kuwa siku hiyo atakuwa mtu wa adabu hata kama itamuua.

Kwa bahati mwongozaji hutangulia, kwa hiyo mgongo aliowapa haukuonekana kuwa na maana nyingine. Nyuma ya wote alitembea Kigen, askari wa wanyama mwenye bunduki, kijana wa mlimani huko huko ambaye alijua hali yote na alikuwa akifurahi kupita kiasi. Katikati walikuja kina mama, wakiimba.

"Kina mama," Hiram akauambia mti uliokuwa mbele yake, "tukiimba wanyama watatoroka."

Beth, katibu wa kikundi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kipaza, akajibu, "Si wao pia ni viumbe vya Mungu? Wacha wasikie!" Wakaongeza ubeti. Mbega watatu juu ya mti walikusanya watoto wao wakahama.

Walipofika kwenye rundo la kwanza la ndovu, katikati kabisa ya njia, kubwa, la kupendeza, Hiram alihisi mate ya elimu yakimjaa mdomoni. Akameza. "Hapa," akasema, "jana usiku alipita ndovu. Na alipopita aliacha... aliacha..." Alitafuta neno. Samadi lilikuwa la darasani. Choo lilikuwa baya zaidi. Kina mama ishirini na mmoja walimsubiri. "Aliacha ushuhuda," akamaliza.

"Bwana asifiwe!" wakaitikia, na Beth akacheka hadi akaegemea mti. Kigen alilazimika kugeukia bondeni akajifanya anakagua usalama. Kutoka katikati ya kundi, kwa mara ya kwanza, sauti ya Mama Nelima ikasikika, kavu, ikipita kwa Beth kama desturi inavyotaka: "Mwambie huyo mtu asiogope kusema. Sisi wote tunaenda choo."

Hiram aliona hiyo ni dalili nzuri. Kosa lake lilianzia hapo, kwa sababu mtu akishapata dalili nzuri kutoka kwa mama mkwe huwa hataki kuiharibu.

Kilomita moja mbele, karibu na pango, walikuta rundo jingine pembeni ya njia. Hili halikuwa la ndovu. Lilikuwa bapa, lenye mikunjo ya duara, jeusi kidogo, na nzi walikuwa bado wachache. Hiram aliliangalia mara moja tu, na nywele za shingo zikamsimama. Nyati. Na kwa kuwa nyayo zilikuwa za mmoja tu, alikuwa dume mzee aliyefukuzwa kundini, yule anayetembea peke yake akitafuta wa kumlaumu. Kilichobaki kilikuwa kupima joto. Kidole cha shahada kilikuwa tayari.

"Ah," ikaja sauti ya Mama Nelima, na lafudhi ya kwao inayogeuza l nyingi kuwa r. "Mwambie hiyo ni ya ng'ombe. Watu wamereta ng'ombe kurisha huku ndani. Aibu gani hii?"

"Kweri kabisa," mama mwingine akaunga mkono. Walikusanyika kulizunguka wakilichambua kwa macho ya watu waliokandika nyumba kwa mavi ya ng'ombe tangu wakiwa wasichana. Mmoja akasema ng'ombe huyo hapewi chumvi. Mwingine akasema ni wa kienyeji, si gredi.

Hebu jiweke mahali pake. Kumpinga mama mkwe mbele ya kanisa lake lote, tena kwa jambo la mavi! Hiram akautafuta mti wa karibu. "Mama anajua," akauambia mti. Kisha akawasukuma mbele haraka haraka, akijiambia kwamba watakuwa pamoja, kwamba Kigen ana bunduki, kwamba kelele zao zinatosha kumfukuza hata shetani.

Pangoni waliketi kula mikate na soda. Kigen alienda kuwasaidia mama wawili walioshindwa na mteremko. Hiram alihesabu vitambaa vya kichwa kwa kutumia pembe ya jicho, pamoja na vya wale wawili wa mteremkoni. Ishirini.

"Mmoja yuko wapi?" akamuuliza Beth.

Beth akateremsha sauti, jambo ambalo kwake lilimaanisha kuongea kama watu wengine. "Mama ameenda haja. Amesema hapa karibu hawezi, ati mkwe yuko. Ameenda mbari kidogo, kule nyuma." Akaonyesha. Alionyesha kichaka walikotokea, kando ya lile rundo.

Hiram alimwambia Beth amwite Kigen, naye akaanza kukimbia. Alikimbia hadi kwenye rundo, na hapo akachuchumaa akaingiza kidole, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyaacha. Lilikuwa la moto. Si vuguvugu, moto! Dakika ishirini, ikizidi nusu saa. Akainuka, na ndipo alipokumbuka kwamba huko mbele, nyuma ya majani yale, kuna mama mkwe aliyejiinulia sketi. Ukiniuliza mimi, pale mtu wa kawaida angekimbia tu. Hiram aliugeukia mlima, akaupa msitu mgongo, akaanza kuingia kichakani kinyumenyume.

"Mama!" akaita. "Ile haikuwa ya ng'ombe!"

Kutoka nyuma yake: "Nani anaongea na mimi?"

"Ni mkwe wako!"

"Toka hapo! Mtu gani hana adabu hivi?"

"Mama, ni mavi ya nyati! Tena ya moto!"

"Ngoja nimarize!"

Kitu kikapumua. Hakikuwa Hiram wala hakikuwa mama. Ilikuwa pumzi nene, yenye maji ndani yake, upande wa kulia, na fito za mianzi zikalia kana kwamba mtu anazivunja kwa goti. Hiram aligeuka. Aliona alichokiona, na hadi leo ukimuuliza atasema aliona nyati tu. Aliruka, akamshika mama mkwe mkono, mkono mzima, kiganja kwa kiganja, akamvuta hadi nyuma ya mti mkubwa wa podo, wakajibana hapo kama vibandiko.

Nyati akatoka. Pembe moja ilikuwa imevunjika na sikio lilikuwa limechanika, na alisimama hatua kumi na tano kutoka kwao akiwa na uso wa mtu aliyeitwa kwenye kikao asichokitaka. Hakuondoka. Alianza kutafuna.

"Usitingishike," Hiram akanong'ona. "Akichoka ataenda."

"Umeniona?" mama akanong'ona.

"Sijaona kitu, mama."

"Muongo." Alivuta pumzi. Bado walikuwa wameshikana mkono, na hakuna aliyethubutu kuachia. "Haya. Desturi tumeshaivunja. Wacha nimarize yote mara moja. Unajua Lenah ariondoka kwa nini?"

"Hotpoti, mama."

Mama Nelima alicheka kwa pua, kidogo tu, kwa ajili ya nyati. "Hotpoti! Hotpoti inaoshwa. Lenah arikuwa anatoka damu tangu Krismasi. Kira siku. Arikuwa na uvimbe ndani. Mwezi wa tatu wakampasua pare hospitari ya Lugulu, mimi ndiye niriraria kiti usiku tatu. Nirisema nikupigie. Akakataa. Arisema, mama, huyo anajua ndovu arikura nini juzi. Mimi nimekonda kwa meza yake, hajaona."

Nyati alitafuna, na Hiram akaanza kuona, moja baada ya jingine, mambo aliyokuwa ameyatazama kipindi chote kile. Pini ya nguo iliyobana sketi ya Lenah kiunoni, kwa sababu sketi ilikuwa imekuwa kubwa. Sahani iliyorudi jikoni ikiwa na ugali nusu. Lenah, ambaye hakuwahi kulala mchana, amelala mchana, na yeye akimruka polepole ili afikie mikebe yake dirishani. Shuka zilizofuliwa usiku. Alikuwa na kila alama, na zote zilikuwa za moto, wala hakuchuchumaa hata mara moja. Aliona aibu kubwa, na haikuwa ile aibu ya mkwe. Machozi yalimtoka akiwa amesimama vile vile, kidevu kwenye gome la podo.

"Usirie kwa sauti," mama akamwonya. "Huyo mzee anasikia."

Nyati mwishowe alichoka. Lakini kabla ya kwenda aliwageuzia makalio, akainua mkia, na kuacha maoni yake pale pale, mbele ya mkwe na mama mkwe. Mama Nelima aliyatazama kwa makini.

"Kweri inafanana na ya ng'ombe," akasema, akaachia mkono, akanyoosha leso yake.

Kigen aliwakuta wakitoka kichakani, mama mbele na Hiram hatua ishirini nyuma, macho chini, adabu imerudi mahali pake. Kina mama waliuliza kwa pamoja. Mama Nelima akasema kulikuwa na nyati, na mkwe alimshika mkono. Wote wakanyamaza, hata Beth. Nyati ni mnyama tu; kushikwa mkono na mkwe ni jambo la kukalisha wazee. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyeimba. Mbega walirudi wakawaangalia.

Kwenye mlango wa basi Mama Nelima alikunja mwavuli. "Mwambie," alimwambia Beth, ingawa Hiram alikuwa pale pale akitazama gurudumu, "Jumamosi arete kondoo nyumbani, wazee waoshe hiyo mambo ya mkono." Akapanda ngazi moja, akasimama. "Na aje mapema."

Jumamosi Hiram alifika Kibabii saa mbili na nusu asubuhi, amevaa suti, na kondoo aliyemtapikia viatu njiani. Wazee watatu walikuwa wameshakaa. Walisema yao, kondoo akaenda alikoenda, Mama Nelima akakaa upande ule wa nyumba na Hiram upande huu, na maneno yakapita juu ya paa. Mzee mmoja alitaka kujua kwa kina jinsi mkono ulivyoshikwa, na alipoulizwa ni kwa nini, alisema ni kwa ajili ya kumbukumbu. Kufika saa tano mambo yalikuwa yamekwisha. Hiram akaachwa peke yake kwenye kiti chini ya ukingo wa paa.

Lenah alitoka na birika. Alitembea polepole, mkono mmoja ukiwa ubavuni, kama mtu anayebeba kitu chini ya nguo. Alikuwa mwembamba. Shingoni mifupa miwili ilikuwa imejitokeza, na juu ya sikio la kushoto palikuwa na nywele nyeupe ambazo Hiram hakujua ni za mwezi huu au za mwaka jana. Aliweka birika mezani, akaketi kwa awamu mbili, kwanza akijishika kwenye meza, kisha akijishusha. Hiram alimtazama yote hayo bila kupepesa.

"Unaniangaria nini?" Lenah akauliza.

Alikuwa na hotuba. Alikuwa ameifanyia mazoezi tangu Jumanne, mbele ya mikebe, ilikuwa na samahani saba. Hakupata hata moja. "Inauma bado?" akauliza.

Lenah akamimina chai katika vikombe viwili.

"Nikiinama. Na nikicheka. Juzi mama ametueleza hiyo ya nyati, karibu nyuzi zifunguke." Alisukuma kikombe upande wake. Hakuwa anacheka. "Nitarudi Kitale, Hiram. Si leo. Leo nataka uniurize."

"Nikuulize nini?"

"Kira kitu. Anzia Krismasi."

Hiram akavua kofia, akaiweka chini kando ya kiti. Akasogeza kiti chake karibu na wake, akaanzia Krismasi.